Gramu Mbili za Hanad

Jumatatu ile Soko Mugdi lilikuwa halipitiki. Malori ya sukari yalikuwa yanashusha mizigo, wachukuzi wanawapigia watu kelele wawapishe, kina mama wa maziwa wamejipanga na vibuyu vyao hadi katikati ya njia, na vumbi la Garissa, ambalo halijui adabu, linaingia mpaka kwenye meno. Ndani ya vurugu hiyo alisimama msichana aliyevaa koti jeupe la ofisi juu ya dera la rangi ya chungwa, shungi jeusi amelibana vizuri chini ya kidevu. Mkononi alishika mkebe wa samaki, akiukazia macho kana kwamba umemtukana.

"Yarow, mkebe huu umevimba."

"Ni jua tu hiyo, dada. Jua ya Garissa inafimbisha kila kitu," alijitetea mwenye duka.

"Jua halivimbishi mkebe. Shusha yote iliyo kwenye rafu hiyo."

Yarow alishusha. Angefanya nini? Huyo alikuwa Nasteha Bishar, afisa wa afya ya umma, umri wake miaka ishirini na sita, na katika miaka miwili ya kazi yake hakuna mwenye duka aliyewahi kumlainisha, si kwa soda, si kwa kitenge, si kwa machozi. Mkebe uliovimba aliutupa. Unga wenye mende aliumwaga. Biskuti zilizopitwa na tarehe alizivunja mbele ya macho ya mwenyewe. Ukimuuliza Yarow, msichana yule alikuwa mzuri wa sura na mbaya wa tabia.

Alipohamia rafu ya pili, Nasteha alikuta kitu kilichomzuia mkono. Palikuwa na pakiti za plastiki zilizobanwa kwa moto, safi, zenye vipande vya nyirinyiri, ile nyama ya ngamia inayokaushwa na kukaangwa kwa samli ikakaa miezi bila kuoza. Nyirinyiri aliijua tangu utotoni. Asichowahi kuona ni karatasi kama ile iliyobandikwa juu yake: *Nyirinyiri ya Hanad. Chumvi: gramu mbili katika kila gramu mia.* Aliisoma mara mbili.

"Nani kaandika hii?"

"Ni mimi," sauti ilijibu nyuma yake. "Kuna herufi nimekosea?"

Aligeuka. Mwanamume mrefu alikuwa amesimama na katoni begani, shati la samawati limelowa jasho mgongoni, ndevu zimepunguzwa vizuri, macho yanacheka kabla ya mdomo. Ndiye Hanad Keynan, mtu wa Wajir, aliyekuwa amehamia Garissa mwaka uliotangulia na kufungua chumba cha kupakia nyama nyuma ya stendi ya malori.

"Sheria haikulazimishi kuandika kiasi cha chumvi," Nasteha alimwambia.

"Najua."

"Sasa nani aliyekutuma?"

"Hakuna. Mtu anayelipa ana haki ya kujua anachotia tumboni. Au nimekosea, daktari?"

"Mimi si daktari. Na ukiandika kitu, sheria inataka kiwe kweli. Nikikupima je?"

"Nipime," Hanad alitua katoni chini. "Anza na urefu."

Yarow aliangua kicheko mpaka akashika mizani. Nasteha alijitahidi asicheke na akashindwa. Kwa miaka miwili alikuwa akipigana na watu waandike tarehe tu, tarehe peke yake, na leo amekutana na mtu aliyeandika hata asichoulizwa. Moyo wake uliruka, na yeye akaukasirikia kwa kuruka sokoni mbele ya watu.

Alinunua pakiti mbili. Alikuwa na sababu yake. Mama yake, Fatumo, alikuwa na ugonjwa wa presha, na daktari alikuwa amemkataza chumvi. Kwa mwaka mzima mama huyo aliyezaliwa kwenye nyirinyiri alikuwa akilishwa nyama ya kuchemsha isiyo na ladha, na kila sahani aliisukuma akisema bintiye anataka kumzika mapema. Jioni hiyo Nasteha alimsomea karatasi ya Hanad, akamwekea vipande vichache.

"Kula, hooyo. Hii ni salama."

Fatumo alitafuna, akafumba macho. "Huyu aliyepika ana mke?"

"Hooyo!"

"Nauliza tu. Kuuliza si dhambi."

Hakuwa na mke. Nasteha alilijua hilo ndani ya wiki moja, na ndani ya wiki mbili alikuwa anajua pia kwamba Hanad aliachana na kazi ya ualimu kwa hiari yake, kwamba anaogopa paka, na kwamba akicheka sana anashika sikio. Ofisini kulikuwa na simu moja tu, nayo ilikaa juu ya meza ya Duba, Mborana wa Bute, upande wa Wajir, afisa wa miaka mingi aliyekuwa mkali kuliko Nasteha. Kila siku saa nne asubuhi Hanad alisimama kwenye kibanda cha simu nje ya Posta na sarafu zake.

"Haloo. Ofisi ya afya."

"Naomba kuongea na Nasteha, tafadhali."

"Wewe nani?"

"Mimi... mwananchi."

"Mwananchi ile ya jana?"

"Ndiyo, mzee."

"Na ya juzi?"

"Huyo huyo."

"Wewe mwananchi moja iko na shida mingi sana," Duba alisema, akampa Nasteha simu na kujifanya anasoma faili.

Walikuwa wakikutana hotelini kwa Lul, karibu na daraja, mahali pa wazi ambapo watu wote wa mji wangeweza kuwaona na hakuna ambaye angeweza kusema wamejificha. Nasteha alikuja na madera yake, leo la kijani, kesho la zambarau, na uturi ambao Hanad alidai anausikia tangu stendi. Walizungumza Kisomali, wakitaniana kama watu waliojuana miaka.

"Chai ya kwenu haina ladha," Hanad alilalamika siku moja.

"Ina sukari vijiko vinne!"

"Sukari naiona, abaayo, dada yangu. Kuna kitu kimepungua tu, sijui ni nini."

"Nyinyi wa Wajir mmelelewa na maji ya visima, mkipewa maji matamu mnaona kama mmeonewa."

"Maji ya kwetu ndiyo maji. Ya kwenu ya mtoni ni ya samaki." Kisha akainamisha kichwa, sauti ikashuka. "Lakini kuna mtu mmoja wa huku ningekunywa naye hata maji ya bwawa."

"Kunywa chai yako, qalbi," Nasteha alimjibu, na neno hilo la "moyo wangu" lilipokwisha kutoka alijua halirudi tena.

Hanad alimweleza pia kazi yake ilivyo. Ulikuwa mwaka wa tisini na sita, ukame umebana, wafugaji wanauza ngamia kabla hawajafa. Hanad alinunua Wajir, na shangazi yake, Eeddo Maka, alipika nyama huko huko. Ililetwa Garissa kwa lori ikiwa tayari, yeye akaipima na kuifunga. Chumvi shangazi aliitia kwa kikombe alichopewa na Hanad mwenyewe, hakizidi wala hakipungui. Na sasa shirika moja la misaada lilikuwa limeiona ile karatasi na kuagiza katoni mia mbili zipelekwe Ifo, kambi ya wakimbizi, kwa wazee na wagonjwa wa kambini ambao daktari amewakataza chumvi.

"Zikifika salama," Hanad alisema, "nawatuma wazee kwenu. Sitaki kuja mikono mitupu."

Katika hali hiyo ya furaha, Fatumo alianguka.

Ilikuwa mchana, jikoni. Walimkimbiza hospitalini ulimi ukiwa mzito na macho hayaoni vizuri. Presha ilikuwa imepanda kiasi ambacho daktari alipima mara mbili kwa kutoamini. Alimuuliza Nasteha mama anakula nini. Uji bila chumvi. Mchele bila chumvi. Mboga bila chumvi. Na nyirinyiri.

"Kiasi gani?"

"Kidogo, kila siku. Lakini hiyo ina gramu mbili tu."

"Nani kasema?" daktari aliuliza.

Swali hilo lilimkalisha Nasteha kwenye benchi la hospitali mpaka magharibi ikapita. Nani kasema? Karatasi imesema. Yeye, ambaye hakuwahi kuamini mkebe, tarehe wala machozi ya mtu, aliamini karatasi kwa sababu aliyeiandika ana macho yanayocheka. Alimpenda Hanad, hilo hakulikana. Lakini mama yake alikuwa amelala nyuma ya ukuta ule, na huko Ifo kulikuwa na mama za watu wengine.

Kesho yake alikwenda kwa Yarow, akachukua pakiti kwa mujibu wa sheria, akaigawa mafungu matatu na kuyatia lakiri: moja la kukaa ofisini, moja la mwenye duka, moja la maabara ya serikali Nairobi. Yarow alikatazwa asiseme neno, na kwa jinsi alivyomwogopa, hakusema. Nasteha mwenyewe naye alitakiwa anyamaze hadi majibu yarudi. Alinyamaza. Wiki tatu aliendelea kunywa chai na Hanad, akicheka pale panapotakiwa kicheko, na kila usingizi ulipomkataa alijiambia kwamba majibu yatakuwa gramu mbili, na kwamba siku hiyo atamsimulia na watacheka pamoja. Fatumo aliporudi nyumbani baada ya siku nne, Nasteha aliziweka pakiti zote mbali naye, akasingizia zimekwisha sokoni.

Majibu yalikuja. Gramu nne na nukta saba.

Hanad alikuwa mlangoni pa chumba chake cha kupakia, lori la Ifo limeegeshwa, katoni zimepangwa tayari kupakiwa, alipomwona Nasteha anakuja na koti lake jeupe. Duba alimfuata nyuma na kamba na lakiri. Hanad alitabasamu.

"Bwana Hanad Keynan," Nasteha alianza, kwa Kiswahili.

"Abaayo, tangu lini mimi ni bwana?"

"Bwana Hanad Keynan," alirudia, "vipimo vya serikali vimeonyesha chumvi gramu nne na nukta saba kwa kila gramu mia. Karatasi yako inasema mbili. Kuanzia sasa bidhaa hii imezuiwa na chumba hiki kimefungwa."

Tabasamu liliondoka usoni polepole. Kiswahili kile cha ofisini kilimuuma kuliko habari yenyewe. Kwao wawili kilikuwa lugha ya kuongea na watu wa mbali.

"Sampuli mlichukua lini?"

"Tarehe tatu mwezi huu."

Alihesabu kwa vidole. "Wiki tatu. Wiki tatu umekaa na mimi kwa Lul, unanicheka, unaniita qalbi, na nyama yangu iko Nairobi."

"Sheria hairuhusu kumwonya mtu."

"Sikuulizi sheria, Nasteha. Nakuuliza wewe."

Hapo Kiswahili kilimwisha. "Na mimi nakuuliza wewe!" alimjibu kwa Kisomali. "Mama yangu alianguka. Ulikuja kumwona hospitalini, ulimletea maembe, na kilichomwangusha kilikuwa na jina lako juu yake. Nilimsomea mimi. Kwa mdomo wangu huu nilimwambia, kula hooyo, hii ni salama!"

Hanad alirudi nyuma hatua moja. "Wallahi sikujua. Chumvi tunapima. Unadhani mimi ni mwongo?"

"Nadhani karatasi yako ni ya uongo."

"Ni kitu kimoja."

"Natamani kisiwe kimoja. Lakini wewe ndiye wa kunionyesha."

Hanad alimgeukia dereva. "Nenda. Hakuna mzigo." Kisha akatoa ufunguo mfukoni, akampa Duba mkononi, si Nasteha, akaondoka bila kuaga. Jioni hiyo Yarow alimwona anapanda lori la Wajir.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Saa nne ilipofika, Nasteha alijikuta anaitazama simu, na simu ikanyamaza. Siku ya tano Duba alikohoa.

"Leo mwananchi hapana piga."

"Nimeona, Duba."

"Wewe ilifanya kazi yako. Kazi safi."

"Najua."

"Mimi nasema tu," Duba alisema, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alimletea chai mezani.

Aliyemwamsha ni Fatumo. Mama alikuwa amekwisha kuambiwa kila kitu, na alikuwa amekaa kitandani na mdomo ukiwa bado umepinda kidogo upande, lakini akili ni ile ile.

"Nimekula chumvi nyingi, kwa njia zote mbili," alisema, "kwa hiyo nisikilize. Sheria ilimlazimisha kuandika?"

"Hapana."

"Angenyamaza, nyama isingenunuliwa?"

"Ingenunuliwa. Yote inanunuliwa."

"Sasa mtu asiyelazimishwa kusema, anajisumbua kusema uongo wa nini? Si angenyamaza kama wenzake?"

Nasteha alimtazama mama yake.

"Usinitazame. Hiyo ni kazi yako, wewe ndiye afisa. Kaitafute hiyo chumvi imeingilia wapi."

Asubuhi alimwomba opareta amuunganishe na duka moja la Wajir lenye simu. Alisubiri nusu saa wakati Hanad anaitwa. Simu ilikuwa na mvumo mkubwa, sauti zinaingiliana.

"Haloo? Nani?"

"Mwananchi," Nasteha alijibu.

Mvumo ukazidi. Alidhani imekatika.

"Ofisi ina shida gani na mimi tena?"

"Kesho kutwa tunakuja na gari la ofisi. Nataka kuona inavyopikwa, tangu mwanzo hadi mwisho."

"Nimesimama kando ya eeddo siku nane nikitafuta kosa. Sijaliona. Labda wewe litakuogopa."

"Hanad."

"Naam."

"Siji kufungua chumba. Nakuja kuangalia tu."

"Najua," sauti yake ililainika kidogo. "Ungesema unakuja kufungua ningejua si wewe." Kisha simu ikakatika kweli.

Walisafiri na msafara wenye askari, mizoga ya ng'ombe kandokando ya barabara, na walifika Wajir wakiwa weupe kwa vumbi. Asubuhi iliyofuata Eeddo Maka aliwapokea uani kwake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mrefu, vidole vimekolea hina, na hakuficha kwamba hampendi mgeni huyu.

"Ndiye huyu aliyesema nimemtia mtu sumu?"

"Eeddo, mimi sikusema sumu."

"Kaa pale. Tazama. Ukiona mkono wangu unatetemeka, andika."

Hanad alimsalimu kwa mbali, akasimama upande wa pili wa moto. Alikuwa amekonda. Nasteha alimwona, akayarudisha macho kwenye sufuria kwa nguvu, maana hakuja kwa ajili hiyo, au alijiambia hivyo.

Tangu asubuhi hakubanduka. Vipande vya nyama vilivyokaushwa juani vilipimwa mbele yake. Chumvi ilipimwa kwa kikombe, Eeddo Maka akaifuta juu kwa kisu ibaki sawasawa. Nasteha alipiga hesabu, ikatoa gramu mbili bila wasiwasi. Maji yalitiwa, nyama ikachemka mpaka ikakauka. Yakatiwa mengine, yakakauka. Yakatiwa ya tatu.

"Mbona mara tatu?" aliuliza.

"Ngamia wa ukame huyo, mzee, mgumu kama kiatu," Eeddo Maka alimjibu. "Mwaka wa mvua mara moja inatosha. Mwaka huu usipomchemsha mara tatu meno yatabaki humo."

Saa saba waliletewa chai. Nasteha alipiga funda moja na uso ukamkunjamana wote. Ua mzima ulicheka. Hata Eeddo Maka alicheka. Duba, ambaye alikuwa kwenye kikombe cha tatu, alishangaa.

"Nini? Chai iko sawa."

"Ina chumvi!"

"Hakuna mtu aliyetia chumvi kwenye chai, binti," Eeddo Maka alisema. "Ni maji ya kisima tu. Ninyi wa mtoni hamjui maji."

Nasteha alikuwa amekwisha inuka. Alikitazama kikombe. Akaitazama sufuria, ambamo ndoo ya tatu ya maji ilikuwa inakaukia pamoja na nyama. Maji yanapaa, yanakwenda zake. Kilichomo ndani ya maji kinakwenda wapi?

"Eeddo, naomba sufuria tupu. Na maji ya kisima hicho hicho. Maji peke yake."

Aliyainjika mwenyewe. Walisimama wote kulizunguka jiko mpaka maji yakapungua, yakavuma, yakakauka, na chini ya sufuria ukabaki utando mweupe. Duba alichovya kidole, akaramba.

"Chumvi," alisema.

Eeddo Maka aliuramba naye, akakitupia macho kikombe chake cha kupimia. "Miaka yote hii mimi napima," alisema, "kumbe kisima nacho kinapima."

"Na ninyi hamwezi kuisikia," Nasteha alisema. "Mmezaliwa nayo mdomoni. Nyote. Hanad, hata wewe uliiona chai ya kwetu imepungukiwa na kitu."

Hanad alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. Kisha uso wake ukafunguka. "Basi mimi si mwongo!"

"Wewe si mwongo," Nasteha alisema, na hakujali machozi yalipomshuka. "Nisamehe kwa siku zile. Alhamdulillahi, wewe si mwongo."

"Basi nifungulie. Katoni mia mbili ziko pale. Shirika linangoja mpaka mwisho wa wiki hii, baada ya hapo wanatafuta mtu mwingine."

"Hapana."

"Umeona kwa macho yako!"

"Nimeona kwa macho yangu kwamba pakiti zile zina chumvi zaidi ya mara mbili ya unavyosema. Mgonjwa wa Ifo akila, mwili wake hautauliza kama ulidanganya au ulikosea. Utaanguka tu, kama wa mama yangu."

Walitazamana, kila mmoja na shingo yake ngumu. Hanad alitoka nje ya ua. Nasteha alibaki amesimama, koti limejaa masizi, akijua kwamba huenda amemwona kwa mara ya mwisho na kwamba hata hivyo hatalibadilisha neno. Ilipita kama robo saa. Aliporudi, kofia ilikuwa mkononi na sauti ni ya mtu aliyekwisha kukata shauri.

"Zile mia mbili nitazibandua karatasi niziandike chumvi nyingi, wauziwe wazima. Za wagonjwa tutapika Garissa. Maji ya mto."

"Maji ya samaki?" Eeddo Maka aliruka.

"Ya samaki, eeddo. Nawe utakuja kuyapika, maana mkono wako ndio unaonunuliwa."

"Nyama ikiharibika nitasema ni huyu msichana."

"Sema," Nasteha alimwambia. "Nitaandika."

Gari lilipowashwa, Hanad alikuja dirishani. "Na mimi na wewe je?"

"Ngoja majibu."

"Ya Nairobi, au ya kwako?"

Dereva akaondoa gari.

Shirika halikungoja, lilichukua nyama ya makopo ya mtu mwingine. Hanad hakusimama kwa hilo. Alikodi ua karibu na mto, akajenga majiko, akamleta Eeddo Maka aliyelalamika tangu alipoteremka kwenye lori. Nyirinyiri mpya ikapikwa. Safari hii sampuli ilichukuliwa mbele ya Hanad, mafungu matatu, na moja akalishika yeye mwenyewe na lakiri yake. Kwa wiki tatu hakumpigia Nasteha simu hata mara moja, na Nasteha alielewa: hakutaka mtu yeyote mjini aseme majibu yake yalipikwa hotelini kwa Lul.

Siku bahasha ilipofika Hanad aliitwa ofisini. Alikuja amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na kofia mpya, akakaa kwenye kiti kama mtahiniwa. Duba ndiye aliyeifungua.

"Mbili na nukta moja," Duba alisoma. "Imepita."

Hanad alifumba macho, midomo ikimshukuru Mungu. Alipoyafumbua hakumtazama Duba.

"Nasteha. Kuna jambo ambalo wazee watakuja kuliuliza kwa heshima zaidi. Lakini nataka jibu lako kwanza, hapa hapa kwenye ofisi iliyonifungia. Utaolewa na mimi?"

Duba alichukua faili akaliinua mpaka machoni, kichwa chini miguu juu.

"Afisa hawezi kuolewa na mtu anayemkagua," Nasteha alisema.

"Najua. Nimelifikiria hilo. Nikilazimika kuhama..."

Nasteha alivuta mtoto wa meza, akatoa nakala ya barua iliyopigwa chapa, akaisukuma mbele yake. Hanad alisoma polepole, mdomo ukifuata maneno. Ilikuwa barua kwa mkubwa wa ofisi, ikiomba mafaili yote ya Hanad Keynan yahamishiwe kwa Duba, yeye asiyaguse tena, kwa kuwa mwandishi anatarajia kuwa mke wake. Chini yake palikuwa na muhuri: ombi limekubaliwa. Alifika kwenye tarehe, akasimama hapo. Akairudia.

"Hii ni siku mliyorudi kutoka Wajir."

"Ndiyo. Hata sampuli ya mwisho nilikuwa nashika tu lakiri. Aliyetia saini ni Duba."

"Hata kupika tulikuwa hatujaanza." Alimwinulia macho. "Na kama majibu ya leo yangekuwa mabaya?"

"Duba angekufungia tena."

"Kabisa," Duba alisema nyuma ya faili.

"Na wewe?"

"Mimi ningeolewa na mtu aliyefungiwa," Nasteha alisema. "Watume wazee Ijumaa, baada ya swala."